Asilimia 2 kila mwezi kwa miaka 11: maoni yangu kuhusu huduma ya chama cha wafanyakazi

Juzi nimekaa na slipu zangu za mshahara toka 2014, zote ninazo kwenye faili, nikajumlisha ule mstari wa makato ya chama. Asilimia 2 kila mwezi kwa miaka 11 imekuja kama milioni moja na laki nne hivi. Kwa mtu wa stoo kama mimi hizo ni hela, ni cherehani nzuri tatu hizo. Kwaiyo nimeamua niandike kama mteja aliyelipa: nimepata nini, sijapata nini, na we uliyeletewa ile fomu ya kujiunga na chama pale kazini usaini au uache. Jina la chama silitaji, cha kujua tu ni chama cha sekta binafsi, kipo chini ya TUCTA, lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi la taifa, na kiwanda chetu kipo hapa Dar.

Naanza na kilichonifanya nibaki.

Mwaka 2019 wenzetu watatu wa pakingi waliachishwa kazi siku moja. Waliambiwa kuna mzigo umepotea shifti yao, hakuna kikao, hakuna kusikilizwa, wamepewa barua getini. Wakawa wanaenda HR kila wiki wanaambiwa njooni Jumatatu, suala lenu linashughulikiwa, na wao wanaamini kwa sababu bosi alikuwa anaongea nao vizuri tu. Sasa katibu wetu wa tawi, jamaa ni mwendesha mashine, darasa la saba, hajasoma sheria popote zaidi ya semina mbili za chama, akawaita chini ya mwembe nje ya geti akawauliza swali moja: barua mmepewa tarehe ngapi? Akatoa simu akahesabu kwenye kalenda. Siku ya 26! Jamani mi sikuwa najua hili na nina miaka mitano kazini wakati ule: ukiachishwa kazi na unaona umeonewa una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoita CMA, zikipita hapo unaanza kuomba kibali cha kuchelewa na unatakiwa uwe na sababu nzito. Zile njooni Jumatatu zilikuwa zinakula siku zao. Kesho yake asubuhi katibu alikuwa nao CMA, fomu namba moja imejazwa, nakala imepelekwa kwa mwajiri na kusainiwa. Kwenye usuluhishi mwajiri alikuja na mwanasheria, katibu wetu akaja na daftari. Hoja yake ilikuwa nyepesi, kwamba sheria inataka sababu halali na inataka utaratibu wa haki, haya utaratibu uko wapi, onyesheni hata karatasi moja ya kikao. Hawakuwa nayo. Na kila mtu mle ndani alijua likienda kwa mwamuzi wakashindwa, fidia kwa sheria ya wakati ule ilikuwa mishahara ya miezi isiyopungua 12 kwa kila mmoja. Wawili wakarudi kazini, mmoja akachagua hela akaenda kufungua genge kwao.

Hapo tu kwangu milioni moja na laki nne imesharudi hata kama waliookolewa sio mimi.

Cha pili ni mkataba wa hali bora, yale makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu maslahi ya wafanyakazi. Watu wengi wanasaini fomu ya chama hawajawahi kuuona mkataba wenyewe, na wengine wanadhani usafiri wa shifti ya usiku bosi aliutoa kwa huruma. Hapana. Uliandikwa kwenye mkataba wa hali bora wa 2016 baada ya majadiliano ya miezi saba, na nauli ya likizo imeandikwa humo, na jeneza na usafiri wa msiba umeandikwa humo. Kuna dada alikuwa ananiambia we unakatwa bure, mi sijajiunga na usafiri napanda huo huo. Nikamwambia angalia slipu yako vizuri. Akakuta na yeye anakatwa, ada ya uwakala, kwa sababu sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kikubaliane na mwajiri kuwakata na wasio wanachama, maana faida ya mkataba wanaila wote. Alikasirika sana na mi namuelewa, hakuna aliyemuelezea. Hilo ni kosa la chama, sio lake. Unamkata mtu afu hata karatasi ya maelezo humpi?

Sasa tuje kwenye mabaya.

Makao makuu. Ile kesi ya 2019 tulimpigia mwanasheria wa chama zaidi ya mara sita, tulitaka mtu wa kukaa pembeni ya katibu wetu, alikuja siku mambo yameshaisha, akapiga picha na waliorudishwa. Hesabu za matumizi hatujasomewa tawini kwetu toka nimejiunga zaidi ya mara mbili. Uchaguzi wa 2021 ngazi ya juu sisi tulisikia majina yameshapita. Na kila Mei Mosi linakuja gari na fulana na kofia, fulana nzuri kabisa sikatai, lakini ukiuliza hoja zetu za kiwanda zimefika wapi unaambiwa zimechukuliwa. Zimechukuliwa na nani, zimepelekwa wapi, haurudi kuambiwa.

Nilikuwa nalichukulia hili kama uzembe wa watu fulani tu mpaka nilipokaa na baba akanitolea kadi zake. Baba alianza kazi kiwanda cha nguo mwaka 1971 akapunguzwa 1994. Ana kadi tatu, zimekaa kwenye bahasha moja ya kaki: ya NUTA, ya JUWATA, ya OTTU, vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima vilivyofuatana enzi zao. Nikamuuliza baba ulijiunga lini na JUWATA? Akasema sikujiunga, siku moja tuliambiwa sasa ni JUWATA. Na NUTA je? Nilipoanza kazi nikakuta nakatwa. Na OTTU? Hivyo hivyo. Kadi tatu miaka 23 hajawahi kusaini hata fomu moja. Mi nilisaini TUF 6, ile fomu ya kukubali makato, kwa mkono wangu, bila sahihi yangu mwajiri haruhusiwi kunikata ada ya uanachama. Nimekaa nikafikiria hiyo tofauti wiki nzima, na naona bila kuielewa hii historia huwezi kutoa maoni ya haki kuhusu hii huduma, kwaiyo nivumilie niizungumze kidogo.

Chama hapa kwetu hakikuanzia ofisini. Kilianzia kwa makuli wa bandari Dar es Salaam. Waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 wakagoma mgomo ambao ulitoka bandarini ukapanda reli, Morogoro, Dodoma, Tabora, kila stesheni habari ikifika na watu wanaweka chini zana. Hebu fikiria, hakuna simu ya mkononi, hakuna wasapu, hakuna shirikisho, uratibu wa kitaifa ulikuwa ni reli yenyewe na midomo ya watu. Baada ya hapo ndo makuli wakapata chama chao, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake, huyu huyu wa historia ya TANU. Mwaka 1950 wakagoma tena kukawa na vurugu, serikali ya mkoloni ikakifuta chama. Miaka mitatu tu.

Funzo walilolipata ni kwamba chama kimoja kimoja kinavunjwa kama njiti. Tom Mboya alikuja kutoka Kenya 1955, kule walishakuwa na shirikisho lao, akazungumza na viongozi wa hapa, na Oktoba mwaka huo huo ikaundwa TFL, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, katibu mkuu wa kwanza Rashidi Kawawa aliyetokea chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Na hapa ndo naona huduma ilikuwa ya nyota tano, nasema kweli. Angalia 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar wamegoma, kiwanda kimoja tu, lakini shirikisho na TANU wakawaambia watu wasinywe bia na watu wakaacha kunywa. Mtu wa mkonge, mtu wa nyumbani, mtu wa reli, anaacha bia yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Huo ndo uratibu wa kitaifa ninaouelewa mimi, tatizo la geti moja linakuwa la mji mzima. Na 1960 watu wa reli waligoma zaidi ya miezi miwili, miezi miwili bila mshahara jamani, lazima kuna mtu alikuwa anawapikia.

Halafu uhuru ukaja na mambo yakageuka haraka kuliko watu wengi wanavyojua. TFL yenyewe ilishaanza kugawanyika, kuna waliotaka iwe karibu na TANU kama Michael Kamaliza, kuna waliotaka isimame yenyewe kama Victor Mkello wa mashambani na Christopher Tumbo wa reli. Mwaka 1962 zikapitishwa sheria ambazo zilifanya mgomo halali uwe karibu haiwezekani, migogoro lazima ipite kwenye usuluhishi na uamuzi kwanza. Januari 1963 Mkello na mwenzake wakapelekwa Sumbawanga wakae huko. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1964, jeshi likaasi pale kambi ya Colito, na baada ya maasi kuzimwa wakakamatwa viongozi wa vyama kama 200. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha NUTA, TFL na vyama vyake 11 vikafutwa, kikabaki chama kimoja nchi nzima. Katibu mkuu anateuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye hapo hapo ni Waziri wa Kazi.

Nimerudia hiyo sentensi mara kadhaa kichwani. Waziri wa Kazi ndo katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi. Ukiwa na malalamiko dhidi ya waziri unampelekea nani?

Sitaki kuwa na upande mmoja kwa sababu baba hapendi na ana haki. Kipindi kile wafanyakazi walipata vitu: sheria ya kulinda ajira ya 1964, mfuko wa akiba wa wafanyakazi, kima cha chini kilipanda vizuri miaka ya mwanzo, gazeti la Mfanyakazi ambalo baba alikuwa anasoma mpaka matangazo, na muziki. NUTA Jazz! Bendi ya chama cha wafanyakazi, akina Muhidini Gurumo, na kadiri chama kilivyobadilika jina bendi nayo ikabadilika, JUWATA Jazz, OTTU Jazz, mpaka leo ni Msondo Ngoma. Baba anasema sisi chama tulikuwa tunakiona Jumapili kwenye dansi zaidi ya siku za kazi, na alisema kwa mapenzi kabisa, machozi yalimlenga. Ila alisema pia kitu kingine. Mwongozo wa TANU ulipotoka 1971, ile ibara ya 15 inayokataza kiongozi kuwa na kiburi na kunyanyasa watu, wafanyakazi waliikariri, wakawa wanagoma kwa kuitumia hiyo, na kwenye kiwanda chao mtu wa NUTA alipokuja alikaa meza ya meneja. 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber walikwenda mbali zaidi, walimtoa mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe. Chama kilikuwepo. Baba anasema kilikuwa kimekaa juu kinatazama chini.

Majirani Kenya nao hawakuwa mbali na hapo, 1965 serikali ya Kenyatta ilifuta mashirikisho mawili yaliyokuwa yanagombana ikaunda COTU, na hadi leo ipo.

JUWATA ilikuja baada ya CCM kuzaliwa 1977, ikawa jumuiya ya chama tawala kabisa, bara na visiwani. OTTU ikaja na sheria ya 1991, vyama vingi vinakaribia, ikaondoka chini ya CCM lakini bado ni moja tu kwa sheria. Walimu ndo walikuwa wa kwanza kusema sisi tunataka chetu, CWT kikaandikishwa 1993, na 1995 sekta zingine zikaunda vya kwao, viwanda na biashara, mashamba, reli, afya na serikali, mahoteli. Sheria ya 1998 iliyoanza kutumika 2000 ikamaliza habari ya OTTU, na 2001 tukapata TUCTA, Zanzibar wakawa na ZATUC yao. Hili ni shirikisho la vyama vyenyewe kama ilivyokuwa TFL, halikuundwa na Bunge.

Sasa ndo naelewa kwa nini makao makuu yetu yana tabia ile. Miaka zaidi ya 30 chama kilikuwa kinapata hela bila kumuuliza mtu, kiongozi anajibu kwa aliyemteua na aliyemteua yuko juu. Sheria imebadilika, majengo ni yale yale, mafaili ni yale yale, na mazoea hayabadiliki kwa sheria. Mtu aliyezoea kupokea makato hajui kwamba mimi sasa ni mteja na naweza kuandika barua ya kujitoa nikapeleka kwa mwajiri na kwa chama na makato ya uanachama yakakatika, hata kama ile ada ya uwakala inaweza kubaki. Watu wengi hawajui hili! Una haki ya kujiunga na una haki ya kutoka.

Kwa ngazi ya taifa nitasema hivi. TUCTA nimewaona wakisimama. Mei 2010 waliitisha mgomo wa nchi nzima wakidai kima cha chini cha shilingi 315,000, Rais Kikwete akawaita wazee wa Dar es Salaam akasema serikali haina uwezo huo na kama ni kura zao yuko tayari azikose, na mgomo ukaahirishwa. Wengine wanasema walishindwa. Mi naona siku zile nchi nzima ilikuwa inajadili mshahara wa mfanyakazi wa chini kwenye daladala, hicho sio kitu kidogo. Kwenye kikotoo cha pensheni 2018 pia, ile kanuni ya kumpa mstaafu asilimia 25 tu ya pensheni yake kwa mkupuo, makelele ya vyama yalichangia mpaka Desemba Rais Magufuli akaisimamisha. Baadaye 2022 ikaja na asilimia 33, watu hawakuridhika na mimi pia, lakini 33 sio 25.

Kinachoniuma ni sisi wa sekta binafsi. Mei Mosi 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 kwenda 500,000, watu wakashangilia, na sisi tuliokuwa kwenye TV ya kantini tukapiga makofi kwa ajili ya dada zetu walimu na manesi, afu tukarudi kwenye mashine. Sisi kima chetu kinapitia bodi za mishahara, kinakaa miaka, na hoja za viwandani kwenye ile risala ya Mei Mosi zinapita mstari mmoja miwili. Shirikisho linaongea na serikali kwa sababu limezoea kuongea na serikali. Bosi wangu mimi sio serikali. Nani anaratibu viwanda vya barabara moja, vyenye mabosi wanaojuana na kupigiana simu, wakati matawi yetu hayajuani hata kwa jina? Tulijaribu wenyewe 2023, matawi manne ya jirani, tukafungua grupu la wasapu tukalinganisha mikataba ya hali bora, na ndo tukagundua kiwanda cha tatu kutoka kwetu wanalipwa posho ya usiku mara mbili yetu kwa kazi ile ile. Majadiliano yaliyofuata tulikwenda na hiyo namba, tukapata. Hiyo kazi haikuhitaji jengo la ghorofa, ilihitaji mtu wa kututambulisha tu, na mtu huyo tunamlipa asilimia 2.

Kwaiyo nyota zangu. Tawi, tano kati ya tano, na nampa yule katibu mwenye daftari. Mkataba wa hali bora, nne, nyota moja nimeitoa kwa sababu hawausambazi. Makao makuu, mbili. Shirikisho la taifa, tatu, moja kati ya hizo ni ya 2010.

Nani ajiunge? Kama kazini kwako kuna tawi hai, linakutana, lina katibu anayejua siku 30 ni nini, saini leo. Kama hakuna tawi na anayekuletea fomu ni HR wa kampuni, subiri, uliza kwanza uchaguzi wa tawi ulifanyika lini na nani alichaguliwa. Kabla hujasaini omba nakala ya mkataba wa hali bora uusome wote, omba na katiba ya chama uangalie jinsi mwanachama anavyotoka. Wakikwambia hizo nakala zipo makao makuu waambie utasaini zikifika. Na kwa walio ndani tayari kama mimi, uchaguzi wa matawi ukija usikae kantini, maana hiyo ndo ngazi pekee ambayo kura yako inahesabiwa mbele ya macho yako.

Kuna binti mpya ameanza pakingi mwezi huu, ana miaka 22, ameniuliza dada nisaini? Nikampa nakala yangu ya mkataba wa hali bora, ile yenye alama zangu za kalamu nyekundu. Toka Alhamisi anaisoma wakati wa chai, jana alinifuata kuuliza kifungu cha likizo ya uzazi kinamaanisha nini. Fomu bado hajasaini, iko kwenye mkoba wake, na sijamharakisha.